Tulishaulizwa, Tukajibu

Kilosa, Agosti 2024

Mwanaidi ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ila mama magoti bado yanamsumbua tangu ile baridi ya Juni. Mahindi tumevuna, bei ndiyo haisemeki.

Habari za mwanao na vijana wenzake waliokuwa wakiandamana barabarani hapo Mombasa mwezi wa sita nimezisoma nikashika kifua. Shukuru Mungu alirudi na viatu vyake vyote viwili. Tuliona kwenye simu jinsi Bunge lenu la Nairobi lilivyovamiwa tarehe 25, na kesho yake Rais Ruto akakataa kutia saini ule Muswada wa Fedha. Wiki mbili baadaye akavunja baraza la mawaziri, halafu hao hao baadhi wakarudi kwa mlango wa uani. Hapo nilicheka peke yangu jikoni.

Sasa nije kwenye uchokozi wako. Unaniuliza, "Nyie Wabongo mtaamka lini? Watu wa kawaida huko hata wanajua wanataka nini?" Utani wa Mkenya kwa Mtanzania nimeuzoea, lakini hili sitaliacha lipite. Sisi tuliulizwa, Mwanaidi. Tuliulizwa rasmi, na serikali, kijiji kwa kijiji, na tukajibu. Wewe ulikuwa Dubai miaka ile, ndiyo maana hukusikia.

Rais Kikwete alitangaza katika salamu zake za mwaka mpya, usiku wa kuamkia 2011, kwamba nchi itaandika katiba mpya. Mwaka 2012 ikaundwa Tume ya kukusanya maoni na kuandika rasimu, mwenyekiti Jaji Warioba, yule aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, na msaidizi wake Jaji Augustino Ramadhani. Wakazunguka nchi nzima. Huku kwetu walikaa kwenye uwanja wa mpira, meza moja, kipaza sauti kimoja, na mtu anapewa dakika chache aseme anachotaka. Unajua watu wetu. Wengine walisema maji, wengine pembejeo, mmoja alisema habari za ng'ombe walioingia shambani kwake hadi akakatizwa. Wapo pia waliosimama na karatasi waliyoandikiwa na vyama vyao, wanasoma neno kwa neno, mmoja akasoma mpaka nukta. Hao tuliwazomea kwa adabu.

Rasimu ya kwanza ikatoka Juni 2013, yakaitishwa mabaraza ya katiba ya wilaya kuijadili. Kila kijiji kilichagua wanne: mtu mzima, mwanamke, kijana, na mmoja yeyote. Halafu Kamati ya Maendeleo ya Kata ikachuja mpaka wakabaki wanne wa kata nzima. Hapo kwenye kuchuja ndipo vyama vilipoingiza mkono, usiniulize vipi. Mimi nilipita kwa nafasi ya mwanamke, nadhani kwa sababu kila upande ulidhani mimi ni wa kwao.

Tulikaa kwenye ukumbi wa sekondari, madirisha hayana vioo, kila mtu na kijitabu chake cha rasimu. Nataka nikueleze kidogo, maana wewe unadhani siasa inaelewa mtu aliyevaa tai. Mzee mmoja mkulima wa ufuta alisimama kwenye ile ibara inayosema waziri asiwe mbunge. Akasema hivi: mbunge kazi yake ni kumbana waziri, na waziri kazi yake ni kubanwa, sasa ukiwa refa na bado unacheza namba tisa, nani atakupa kadi? Ukumbi ukapiga makofi. Hakuna profesa aliyenieleza mgawanyo wa madaraka vizuri kuliko yeye.

Kukawa na mvutano mkubwa juu ya elimu ya mbunge. Katiba yetu ya 1977 inamtaka tu ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Vijana wakataka digrii. Bibi mmoja anayeuza pombe ya kienyeji akawauliza, "Hiyo mikataba ya madini mnayoilalamikia waliisaini walioishia darasa la ngapi?" Wakanyamaza. Mimi nilikuwa upande wa bibi na niko upande wake mpaka leo. Ukiweka digrii unamfungia mlango yule anayejua shida ilivyo, unamfungulia anayejua kuiandikia ripoti.

Na ile rasimu, nikwambie, ilikuwa imetusikia. Mbunge mwisho vipindi vitatu. Wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Spika asiwe mbunge. Mawaziri wa Muungano wasizidi 15. Mgombea huru, asiye na chama, aruhusiwe. Matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani, jambo ambalo ibara ya 41 ya katiba ya sasa inalikataza kabisa. Viti maalum, vile vya wanawake wasiopigiwa kura jimboni, vifutwe, na badala yake kila jimbo litoe wawili, mwanamke na mwanamume, wote wapigiwe kura. Bunge la Muungano libaki na watu 75, wakati lililopo lilikuwa na zaidi ya 350. Juu ya yote, serikali tatu badala ya mbili zilizopo: ya Muungano, ya Zanzibar, na ya Tanganyika.

Hilo la serikali tatu ndilo lililokula mjadala wote, na mimi hadi leo linanikera. Si kwamba halina uzito. Tume ilisema katika waliozungumzia muundo wa Muungano huku Bara, asilimia 61 walitaka tatu, na Zanzibar asilimia 60 walitaka muungano wa mkataba, yaani nchi mbili kamili zinazoshirikiana kwa makubaliano. Ni jambo kubwa. Lakini kwenye baraza letu watu wengi hawakuwa na haja nalo sana. Walitaka mbunge anayeonekana jimboni, mkuu wa wilaya anayejibu kwa wananchi badala ya kujibu kwa aliyemteua, na mapato ya kijiji yasomwe. Vyama vikashikana mashati juu ya serikali mbili au tatu, na haya mengine yakapita chini ya meza bila mtu wa kuyapigania.

Basi Februari 2014 likaitishwa Bunge Maalum Dodoma. Na hapa, Mwanaidi, weka kikombe chini unisikilize. Nani waliokaa humo? Wabunge wote, Wawakilishi wote wa Zanzibar, na 201 tu wa kuteuliwa na Rais kutoka makundi mengine. Yaani ukomo wa ubunge unaamuliwa na wabunge. Kumwondoa mbunge kunaamuliwa na wabunge. Uwaziri kutengwa na ubunge, kunaamuliwa na mawaziri na wanaosubiri kuwa mawaziri. Wiki za kwanza zilikwisha kwenye kanuni, na kwenye posho ya shilingi 300,000 kwa siku ambayo wapo waliosema haitoshi. Aprili wapinzani waliojiita UKAWA wakatoka nje. Waliobaki wakaendelea, na Oktoba 2 wakapitisha Katiba Inayopendekezwa.

Niliisoma yote, nikiwa na ile rasimu pembeni. Serikali tatu hakuna. Ukomo wa ubunge hakuna. Kumwondoa mbunge hakuna. Mzee wangu wa ufuta na refa wake, hakuna. Vilivyosalimika ni vile ambavyo havikumgusa aliyeshika kalamu. Sitakudanganya kwamba ilikuwa mbaya yote, mgombea huru aliponea, na wanawake walipata ahadi ya nusu kwa nusu. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine mpya haukuwa umekamilika. Imeahirishwa mpaka leo ninapoandika.

Sasa ulinganishe na kwenu, maana najua utanirushia katiba yenu ya 2010. Mna haki ya kujivuna, ila ujue mlipata wapi bahati. Wabunge wenu walipita kwenye ile rasimu kwanza, kule Naivasha, wakachokonoa, mkaondolewa waziri mkuu mkarudishiwa rais mwenye nguvu. Lakini ilipofika bungeni, sheria iliwataka wapate asilimia 65 ya wabunge wote ili kubadili hata mstari mmoja. Marekebisho yaliletwa zaidi ya mia, hakuna hata moja lililofikisha idadi. Aprili Mosi 2010 ikapita ilivyo, ikaja kwenu wananchi Agosti. Hawakuwa wema kuliko wa kwetu, kalamu yao tu ilikuwa imefungwa kamba. Wa kwetu waliachiwa waandike upya.

Ndiyo maana nikisikia watu wanabishana hapa kijiweni kipengele gani kiwemo na kipi kisiwemo, mimi nauliza jambo moja tu: safari hii nani atashika kalamu mwisho? Pendekezo langu nililitoa mwaka juzi, kile kikosi kazi cha Profesa Mukandala kilipokuwa kinakusanya maoni kuhusu vyama vingi. Niliandika ukurasa mmoja nikapeleka. Nilisema: aliye mbunge asikae kwenye bunge la katiba, na atakayekaa humo asigombee ubunge kwa miaka kumi. Na kitakachobadilishwa kutoka kwenye maoni ya wananchi, sababu yake iandikwe kwa Kiswahili na ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Sijui kama ule ukurasa ulifika juu au ulifungiwa maandazi.

Ila na nyie msitufanye wajinga. Hilo la kumwondoa mbunge mnalo, ibara ya 104, na niambie ni mbunge gani mmewahi kumwondoa? Hakuna hata mmoja tangu 2010. Sheria ya kuitekeleza waliitunga wao wenyewe, wakaweka vizingiti mpaka ikawa pambo. Na hata sisi tulipolijadili, wapo waliohofu kwamba tajiri aliyeshindwa kura ataajiri watu wakusanye saini kila mwaka, jimbo lisitulie. Hofu hiyo nami ninayo. Ukomo wa vipindi ninauamini zaidi, kwa sababu hauhitaji mtu kutembeza fomu. Kalenda ndiyo inayomwondoa.

Waziri asiwe mbunge mmeifanya pia. Je, waziri sasa anambana nani, na anabanwa na nani? Naomba unijibu hili kwa dhati, si kwa utani, maana huku tunalitaja kama dawa ya kila ugonjwa na nyie mmeishi nalo muongo mzima. Mwanao na wenzake walikuwa wanadai katiba ibadilishwe, au wanadai ile iliyopo ifuatwe? Nilivyowaelewa kwenye video ni hilo la pili. Kama ni hivyo, basi shida yenu na yetu zimeachana njia mahali, na ningependa kujua wapi.

Serikali yetu nayo haijakaa kimya kabisa, niwe mkweli. Mwaka huu zimepita sheria mpya za uchaguzi, na tume sasa inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jina zuri. Lakini uchaguzi wa vijiji na vitongoji mwaka huu, Novemba hii, utasimamiwa na TAMISEMI, wizara iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Watu wamelalamika na wengine wamekwenda mahakamani. Tusubiri.

Na hapo ndipo nina neno la kukuomba ushauri. Wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa wamenijia, wanataka nigombee uenyekiti wa kijiji. Sababu yao ni moja: mkutano mkuu wa kijiji, ule unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, huku hata mwaka unaweza kuisha usiitishwe. Mara ya mwisho mtendaji alisimama akasoma, "Mapato, milioni mbili na kitu, matumizi, kama mlivyoona," akafunga daftari. Tuliona nini? Hatukuona kitu. Darasa moja halina mlango. Yule bibi wa pombe ya kienyeji akamwambia afungue tena daftari, akajibu mvua inakuja. Mvua haikuja.

Basi wamama wanasema wewe ulikaa baraza la katiba, unajua kusoma hesabu, simama. Mume wangu hana kinyongo, anasema tu nisije nikaleta mikutano sebuleni. Tatizo ni kwamba huwezi kugombea hata kitongoji bila kudhaminiwa na chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi tangu miaka ya tisini, akashinda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 akashinda hata kwenye Mahakama ya Afrika kule Arusha, na sheria iko vile vile. Kwa hiyo ni lazima nichukue kadi. Nikichukua ya kijani, ya CCM, nusu ya kikundi itasema nimenunuliwa. Nikichukua ya upinzani, kuna hatari jina langu likatwe kwa kosa la herufi moja kwenye fomu, kama ilivyowatokea wengi kwenye uchaguzi wa vijiji wa 2019. Na nikikaa pembeni, daftari litaendelea kufungwa.

Wewe ungefanyaje? Usinijibu kwa mchezo. Fomu zitatoka karibuni na wamama wanakuja tena Jumapili. Na ukipata mtu anayekuja Tanga au Moro, nitumie nakala ya katiba yenu ya Kiswahili, ile ya kitabu. Ya simu inaniumiza macho.

Msalimie mwanao, mwambie shangazi yake wa Bongo anamuombea. Na mama anauliza kama zile kanga ulizoahidi bado zinashonwa.

Ni mimi wako,
Zuhura