Miguu ya meza iacheni

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote wazima, joto ni lile lile unalolijua, na mwenzio nipo nipo tu na mavumbi yangu ya mbao. Barua yako nimeipata pamoja na picha. Picha nimezitazama mpaka vijana wa karakana wakaniuliza kama nimeletewa mchumba.

Mmefanya la maana kuiingiza ndani ile meza ya kukatia nguo ya marehemu Mzee iwe meza ya kulia, na swali lako la kuvinyanyua vile viti sita viifikie nimelisoma. Mninga mtupu, na ubao mnene vile, leo utaupata wapi? Halafu ile mistari ya inchi aliyoichora ukingoni kwa patasi, yadi nzima! Akija fundi akakwambia aipige randa "ing'ae", mwoneshe mlango. Meza za mafundi cherehani huwa ndefu kwenda juu, sentimita 90 hivi, maana mtu anakata kitambaa amesimama. Yenu ina 84 kwa sababu Mzee, Mungu amrehemu, hakujaliwa kimo, akajichongea ya kwake. Ufupi wake umetuokoa. Ingefika 90 ningekwambia ugawe viti vyote utafute stuli.

Meza ya chakula ya kawaida ina sentimita 72 mpaka 76, na kiti chake 43 mpaka 46. Viti vyako vina 44. Kwa hiyo kati ya kalio na uso wa meza mna sentimita 40, wakati mtu anahitaji 25 mpaka 30. Ndiyo maana wageni wako wanakula mabega yamepanda masikioni, na wale watoto wa dada yako wanapiga magoti kwenye viti.

Kusema kweli, meza ingekuwa yangu ningeikata. Miguu minne, msumeno, kazi imekwisha kabla ya adhuhuri. Wewe unataka niguse miguu ishirini na minne! Lakini umeniambia Mama anasukumia chapati pale pale, amesimama, na mgongo wake hautaki kuinama. Hapo sina neno. Bimkubwa akishasema, tutanyanyua viti.

Sasa usikimbilie kusema 84 toa 30 ni 54. Chungulia chini ya meza. Ile droo ya kuwekea mikasi na chaki imeshuka sentimita 14 kutoka juu, yaani paja lako linapita chini ya 70. Kiti kikiwa 54 paja linabaki na sentimita 16, na mimi na wewe, shoga, mapaja tunayo. Weka 52. Paja litapata 18, na juu utabaki na 32, ambayo si mbaya hata kidogo. Kwa hiyo kila kiti kipandishwe sentimita 8, inchi tatu na kitu.

Kabla hujamwita fundi, chukua vipande vinne vya mbao vya unene huo, simamisha kiti kimoja juu yake, mkae mmoja mmoja. Siku hiyo pika ugali. Chai haitakwambia kitu, kikombe unakinyanyua mwenyewe mpaka mdomoni. Ila mkono ukianza kwenda kwenye sahani ya mboga katikati na kurudi, ndipo utajua kama kiwiko kiko huru au kinagota ukingoni. Mama akae wa kwanza.

Najua kuna watu wameshakushauri mito. Mto unafaa ukitaka sentimita mbili tatu. Sponji laini ya sentimita 8 akiikalia mtu mzima inabaki kama chapati, na hata ukipata ile ngumu, mgongo wa kiti unakuwa umeshuka, unakugusa kiunoni badala ya kukushika. Wengine watakuonesha vile vikombe vya plastiki vya kuinulia vitanda. Kitanda hakisogezwi. Kiti kinavutwa mara tatu kwa siku, na akitokea shemeji mmoja wa kuegemea nyuma kwa miguu miwili, vikombe vitamkimbia.

Njia ya mafundi wengi ni kuunga kipande chini ya kila mguu. Inawezekana, na wakiipaka vanishi vizuri huoni kitu. Mimi siipendi kwa viti vya kulia. Unapounga ncha kwa ncha, gundi inanyonywa na nyuzi za mbao, haishiki kama inavyoshika ubavu kwa ubavu. Lazima upitishe kijiti cha mbao ngumu katikati, cha milimita 10 au 12, kiingie sentimita nne juu na nne chini, na tundu lisipinde hata chembe. Kwa miguu ishirini na minne, fundi atapindisha tu mahali. Tena miguu ya nyuma ya viti vyako imelala kidogo, kwa hiyo kipande kikiungwa wima mguu unaonekana umevunjika goti.

Ninachotaka umfanyishe fundi ni hiki. Kila kiti kipate mbao mbili za kukanyagia, moja kila upande, imetoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma na kupitiliza sentimita tatu kwa nyuma ili kiti kisipinduke kirahisi. Mbao iwe na kimo cha sentimita 8 na upana wa 6. Mguu unakaa juu yake, na kijiti kinaushika kutoka chini pamoja na gundi. Sasa mguu wa mbele na wa nyuma vinasaidiana, hakuna unaobeba msukosuko peke yake. Chini ya mbao, katikati, apachonge paingie ndani kidogo, ili sakafu iguswe na ncha tu. Sakafu yenu ya saruji nimeishi nayo mwezi mzima, naijua mabonde yake.

Halafu kuna miguu ya watu. Kiti cha 52 kinamwacha Mama akining'inia, na ukingo wa kiti utambana nyuma ya mapaja mpaka miguu ife ganzi. Kwa hiyo kwa mbele, kati ya mbao zile mbili, fundi apige papi, ubao mwembamba wa kuwekea miguu, uso wake uwe sentimita 12 kutoka chini. Kutoka hapo mpaka kwenye kalio ni 40, kama amekaa kiti cha kawaida. Papi hiyo hiyo inafunga upande wa kulia na wa kushoto visitanuke. Airudishe ndani vidole viwili, la sivyo kila anayevuta kiti atajigonga ugoko. Vanishi itachubuka pale, hilo halina dawa. Ipake mafuta tu uwe unarudia.

Viti vyenyewe umesema ni mtiki. Ukinunua mbao chukua mtiki pia, na fundi asisahau kuifuta kwa thina pale panapopakwa gundi. Mbao ile ina mafuta yake, gundi inakwama juu juu, baada ya miezi inabanduka. Fundi mwenye haraka atakwambia hayo ni maneno ya vitabuni. Msimamie kichwani.

Jambo jingine, kabla ya yote vibane viungo. Kile kiti kinachochezacheza kwenye picha ya tatu, ukikipandisha hivyo hivyo utakuwa umempandishia mtu bahati nasibu. Kiungo kigongwe kitoke, kikwanguliwe gundi ya zamani, kiungwe upya, ndipo kiti kipimwe. Na kila kiti kipimwe chenyewe, kiandikwe namba kwa penseli chini ya kalio. Viti vilivyochongwa kwa mkono havijawahi kulingana. Kimoja kitakuwa 44, jirani yake 43 na nusu, na mkivikalia pamoja mtaiona hiyo nusu.

Nimebakiwa na suala moja, na hili sina uamuzi nalo. Vile viwili vyenye mikono: mkono wake sasa uko 64, unapita chini ya droo bila shida. Kikipanda utafika 72 na utagonga. Ama viwe viti vya pembeni visivyoingia mezani, ama fundi aing'oe ile mikono na kuziba matundu. Mimi ningeviacha na mikono, Mama anaishika anapoinuka. Lakini nyumba ni yako. Muulize yeye, kisha uniandikie pamoja na vipimo vya viti vyote sita, nimchoree fundi wako mchoro wa kiti kimoja kimoja.

Msalimie sana Bimkubwa, na wale watoto waambie shangazi anawadai nazi.

Wako,
Shoga yako wa Tanga