Mafuta ya giaboksi ya otomatiki: kumwaga ni rahisi, kupima ndiyo kazi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye pikapu za otomatiki hapa Bukavu, hasa wale wanaotaka kubadilisha mafuta ya giaboksi wenyewe, nyumbani. Kazi hiyo inawezekana na hatuna sababu ya kumkataza mtu. Ila nguvu nyingi zinakwenda mahali pasipo na shida. Watu hubishana juu ya chapa na bei ya mafuta, halafu wanamwaga, wanajaza, wanachungulia kijiti cha kupimia mafuta gari likiwa limeinamisha pua kwenye mteremko wa Kadutu au Panzi, na wanahesabu kazi imekwisha. Kumwaga ni shughuli ya dakika chache. Kupima ndiyo kazi yenyewe, na giaboksi nyingi zinaharibikia hapo.

Mafuta haya hayalainishi tu. Ndani ya konvata, chombo kinachounganisha injini na giaboksi, ndiyo yanayopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia. Yakisukumwa na pampu ndiyo yanayobana sahani za klachi zisiteleze, na ndiyo yanayobeba joto kulipeleka kwenye kipozeo. Yakiwa pungufu, gari likipanda kilima mafuta hukimbilia upande mmoja wa karteri (bakuli la mafuta chini ya giaboksi), filta ikavuta hewa. Mafuta yenye hewa hayabani. Sahani zinateleza, zinaungua, na unga wake unakwenda kuziba njia ndogo za vali. Yakizidi nako ni hatari: gia zinazozunguka zinayafikia, zinayapiga mpaka yanatoa povu, na povu lile lile linaleta kuteleza kule kule. Mengine yanatokea kwenye kipumulio cha juu na kuchuruzika chini, mwenye gari akadhani sili imepasuka, akaongeza tena.

Kwa hiyo kabla ya kugusa boliti yoyote, tafuta usawa. Chukua karteri yenye urefu wa sentimita 40: mteremko wa asilimia 5, ambao katika mji wetu watu huuita tambarare, unafanya mafuta yapishane sentimita 2 kati ya ncha na ncha. Hiyo inatosha kukudanganya kabisa. Mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wa mafundi waashi, ndio kipimo bora na wa bei ndogo. Usipime kwenye magurudumu wala kwenye bodi, kwa sababu pikapu isiyo na mzigo huinua mgongo wake kwa nyuma. Pima kwenye ukingo wa karteri yenyewe, mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Upande wa chini uwekee mbao pana na ngumu, upandishe gurudumu juu yake, uzibe magurudumu mengine kwa mawe makubwa na kuvuta breki ya mkono. Ukilazimika kuinua, weka vigoda vya chuma chini ya chasi. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na kriki (jeki) peke yake.

Juu ya aina ya mafuta tutasema machache, maana jibu limeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye kijiti chenyewe au kwenye kizibo cha kujazia. Hilux yenye giaboksi ya A750, ya gia 5, inataka Toyota ATF WS. Giaboksi za zamani za gia 4 nyingi zilitengenezewa mafuta ya Dexron. Ford Ranger yenye giaboksi ya 6R80 inataka Mercon LV, na L200 nyingi za zamani zinataka SP-III. WS ni mepesi kuliko Dexron III, na msuguano wake ni tofauti. Ukiyachanganya, gia zitaanza kuingia kwa kishindo au kwa kuchelewa. Rangi nyekundu haithibitishi chochote. Karibu yote ni mekundu, mpaka ya usukani. Nunua bidoni iliyofungwa, ukague muhuri wake, na uachane na mafuta yanayochotwa kwenye pipa lisilo na jina.

Sasa kumwaga. Tunaieleza A750 kwa kuwa ndiyo inayowachanganya wengi: haina kijiti. Ina vizibo 3. Cha kujazia kiko ubavuni, ni kikubwa, cha ufunguo wa 24, na kimeandikwa WS. Vingine 2 viko chini kwenye karteri: cha kumwagia, cha ufunguo wa 14, na cha kupimia, kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 5.

Anza na cha kujazia. Tunasisitiza: kifungue hicho kwanza, kabla ya kumwaga hata tone. Huwa kimekazwa na kutu, na nafasi ya mkono ni ndogo. Ukishamwaga mafuta ndipo ugundue kwamba pa kujazia hapafunguki, gari limekwama hapo hapo, na kuliwasha bila mafuta ni kuua pampu. Kikigoma, nyunyizia dawa ya kutu, subiri, jaribu tena. Kikiendelea kugoma, ahirisha kazi. Gari bado linatembea.

Kikishafunguka, fungua cha kumwagia. Yatatoka kama lita 3. Kinga kwenye beseni safi, kisha uyahamishie kwenye chupa za maji za lita 1.5 ili ujue hasa ni kiasi gani kimetoka. Mtu akikosea akafungua cha kupimia, yatatoka kidogo na kukoma, kwa sababu ndani yake kuna kijibomba kilichosimama. Atadhani giaboksi ilikuwa karibu tupu, na akijaza kwa kufuata dhana hiyo atazidisha vibaya.

Yaangalie yaliyotoka. Wekundu uliokolea na kuelekea kahawia ni uzee wa kawaida. Meusi yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba sahani zimeteleza. Yakiwa ya waridi na mazito kama maziwa, maji ya radiatori yameingia, kwa kuwa kwenye magari mengi kipozeo cha mafuta haya kiko ndani ya radiatori. Usiliendeshe tena gari hilo, maana maji hulegeza gundi inayoshika sahani. Ukishusha karteri utakuta sumaku ndani. Matope laini ya kijivu juu yake ni halali. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si halali, na mafuta mapya hayataviponya. Vivyo hivyo giaboksi ambayo tayari inateleza: kubadilisha mafuta si tiba ya chuma na sahani zilizokwisha, na fundi anayekuahidi hivyo anakuuzia matumaini.

Filta iko juu ya karteri, imeshikwa na boliti 4. Boliti za karteri ni ndogo na hazitaki nguvu: kitabu kinataja nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 4.4 tu, yaani kukaza kwa kifundo cha mkono, kwa mzunguko wa msalaba. Anayezikaza kama za gurudumu hupinda ukingo au hung'oa uzi wa alumini, na uvujaji atakaoupata hauzibiki kwa gundi. Vizibo vya chini ni nyutoni mita 20, cha kujazia 39. Weka washa (pete za kuzibia) mpya. Ukitumia gasketi, usiongeze silikoni juu yake. Inayominyika kuelekea ndani hukatika na kuishia kwenye filta.

Rudisha kwanza kiasi kile kile kilichotoka. Kama karteri ilikuwa wazi, endelea mpaka mafuta yaanze kutoka kwenye cha kupimia injini ikiwa imezimwa, kisha ukifunge. Washa injini, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila nafasi, ukikaa sekunde chache kila mahali, urudi P. Iache ingurume taratibu.

Hapa ndipo joto linapoamua. Kwa A750 nyingi, Toyota wanataka kipimo kifanyike mafuta yakiwa kati ya nyuzi 35 na 45 za Selsiasi, injini ikinguruma; hakikisha kwenye kitabu cha gari lako. Mafuta hupanuka yakipata moto. Nje ya nafasi hiyo, kiwango unachokiona si chake. Njia ya uhakika ni kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, kinachosoma joto la giaboksi. Kipimajoto cha kuelekeza kwenye karteri kinasaidia, ila kinasoma chuma cha nje, si mafuta. Fanya kazi hii asubuhi, gari likiwa limelala baridi, maana ukilitoa safarini limeshapita nyuzi 45 na utasubiri saa kadhaa. Joto likifika 35, fungua cha kupimia injini ikiendelea kunguruma. Mafuta yakitiririka, acha mpaka yawe matone, kisha funga. Yasipotoka, ongeza polepole kwa bomba la sindano au pampu ya mkono mpaka yatoke. Usikimbie: mtiririko mwembamba bado ni mtiririko.

Zenye kijiti hupimwa kinyume cha hapo, na ndiyo maana maelezo ya jirani yako hayakufai mpaka ujue giaboksi yako. Alama ya HOT ni ya mafuta ya moto kweli, nyuzi 70 hadi 80 kwa Toyota nyingi, baada ya kuendesha gari kiasi, injini ikiwa inanguruma na gia zote zimepitishwa. Anayejaza mpaka HOT asubuhi gari likiwa baridi amezidisha. Yakipata moto kwenye kupanda yatapita alama. COOL ipo kwa ajili ya makadirio ya kuanzia tu. Futa kijiti kwa kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi, na usome pande zote 2. Ukweli ni ule wa upande unaoonyesha kiwango cha chini zaidi.

Kumbuka kwamba umebadilisha lita 3 katika kama 10. Nyingine zimebaki kwenye konvata na kwenye mabomba. Mara ya kwanza unapata asilimia 30 ya mapya, mara ya pili 51, mara ya tatu karibu 66. Kwa gari lililonunuliwa limetumika na lisilojulikana historia yake, sisi tunapendelea mara 3, kila moja baada ya wiki chache za kuendesha, kuliko kuosha kwa mashine ya shinikizo siku moja. Baada ya hapo, kila kilomita 40,000 hadi 50,000 inatosha. Wapo wanaosema mafuta haya ni ya maisha yote ya gari. Huenda ni hivyo kwenye lami tambarare. Gari linaloteremka na kupanda Ngomo likiwa na mzigo, au linalosota kwenye matope ya njia ya Mwenga, linaishi maisha mengine, na joto ndilo linalochosha mafuta.

Na joto hilo lina ndugu yake kwenye radiatori. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na maji matupu katika kimo hicho huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Anayeendesha na maji ya bomba pamoja na kifuniko cha radiatori kisichoshika shinikizo, anachemsha mapema, na kipozeo cha giaboksi kinachemka naye. Badilisha kifuniko hicho, weka kimiminika cha kupoza kinachostahili, na kwenye kupanda kukali tumia gia ya chini ya 4x4 badala ya kuiacha konvata isage mafuta.

Mafuta ya zamani yarudishe kwenye bidoni yaliyotoka mapya, uyafunge, uyapeleke kwenye garaji inayokusanya machafu. Tafadhali yasiingie mtaroni. Mitaro yetu inamwagika kwenye mto Kawa, na Kawa inaingia ziwani, kwenye maji ya sambaza, wale samaki wadogo, na ya watu wanaochota kwa ndoo.

Mwisho, andika kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha utepe na ukibandike kwenye fremu ya mlango wa dereva: tarehe, kilomita, aina ya mafuta, lita zilizotoka, lita zilizoingia, na joto ulilopimia.

Mafundi wa giaboksi,
Kadutu, Bukavu