Safari ya Connecticut: naomba majibu kabla ya Ijumaa

Habari za jioni wapendwa. Inabidi tuchague mapema kasino ya kwenda: Foxwoods au Mohegan Sun? Zote ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Boston.

Mimi naegemea Foxwoods. Ina ukumbi mkubwa wa poka, na wasiocheza watapata spa pamoja na makumbusho ya Wapequot (kabila la wenyeji asilia wa Amerika) hapo jirani, ambayo kwa kweli yanastahili nusu siku.

Wapenzi wa ishirini na moja (mchezo wa karata wa blackjack), someni maandishi ya mezani kabla ya kukaa. Meza ya 3 kwa 2 hulipa dola 30 kwa dau la 20 ukipewa karata ya ree (A) na ya kumi. Ya 6 kwa 5 hulipa 24 tu.

1. Kuondoka: Jumamosi ya tarehe 14, saa 3 asubuhi.
2. Mchango: dola 90, chumba na mafuta, kwa mhazini. Pesa ya kuchezea kila mtu na yake, na hatukopeshani mezani.
3. Kitambulisho ni lazima. Chini ya miaka 21 hachezi.

Tafadhali jibu hapa: jina, chaguo lako, na kama una gari. Wenye zamu ya usiku niandikieni inboksi tuwapangie usafiri wa mchana.