Malalamiko: mfumo wa pH unaosoma 7 huku majitaka yakiwa asidi

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja

YAH: MFUMO WA KUDHIBITI pH MLIOTUFUNGIA KWENYE MTAMBO WA MAJITAKA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya kitengo cha majitaka cha kiwanda chetu. Mlituuzia mfumo ambao, kwa mujibu wa mkataba, ungeshikilia pH ya maji yanayotoka (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) kati ya 6.5 na 8.5 bila kuguswa na mtu. Mpaka leo watu wa zamu ndio wanaofungua na kufunga vali za kemikali kwa mkono. Mafundi wenu wamekuja zaidi ya mara moja na kila wanapoondoka tatizo linabaki palepale. Jibu lenu la mwisho lilisema kosa ni la majitaka yetu, kwamba hayatabiriki. Majitaka ya kiwanda chochote hayatabiriki, na hiyo ndiyo sababu ya kununua kidhibiti badala ya kufungulia pampu ya kostiki soda, alkali ya kuua asidi, iende tu.

Naanza na lililotuumiza zaidi. Usiku mmoja skrini ilisoma 7.0 kwa saa nyingi mfululizo, taa ya kijani inawaka, pampu zote zimetulia. Sampuli iliyochukuliwa asubuhi kwenye mdomo wa tangi ilikuwa chini ya 4. Tulipochomoa elektrodi, yaani kihisi cha pH, tukakuta kioo chake kimepasuka. Hili si jambo geni kwenu: kioo kikipasuka, tofauti ya umeme kati ya ndani na nje hupotea, kipimo hushuka karibu na sifuri milivolti, na sifuri milivolti ndiyo pH 7. Kifaa kilikufa kikitangaza kwamba mambo ni shwari.

Kioo kizima kina ukinzani wa umeme mkubwa mno, mamilioni kwa mamilioni ya omu. Kikipasuka ukinzani huo huporomoka, na kisoma-pH cha kisasa kinaweza kuupima chenyewe na kupiga kengele. Tulifungua kitabu cha maelekezo cha kifaa chenu tukaona uwezo huo umo. Haukuwahi kuwashwa. Fundi aliyefunga mfumo aliuacha umezimwa kama ulivyotoka kiwandani, na hakuna aliyetuambia kwamba upo. Isitoshe, usomaji ambao siku zote ulikuwa ukicheza juu na chini ukinyooka ghafla kama rula, huku maji yakiendelea kuingia, programu yoyote yenye mistari michache ya tahadhari ingeshtuka. Yenu ilifurahi.

Maji yale yaliingia kwenye tangi la hewa, ambamo bakteria husafisha majitaka. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitreti hupenda pH ya karibu 7 hadi 8, na ikishuka chini ya 6.5 kazi yao hupungua sana. Ni viumbe wanaozaana polepole, kwa hiyo wakishapotea hawarudi kwa siku moja. Hasara hiyo tumeibeba sisi.

La pili ni kuyumba. Hata elektrodi ikiwa mpya, pH hupanda hadi 10 na kitu, asidi inamwagwa, inashuka hadi 4, kostiki inamwagwa, na mchezo unaanza upya. Dawa ya fundi wenu wa kwanza ilikuwa kuongeza ukali wa kidhibiti ili kiitikie haraka zaidi. Wa pili alipendekeza pampu kubwa. Naomba mtuvumilie tueleze kwa nini dawa zote mbili zinazidisha ugonjwa, kwa sababu tumeshawaeleza kwa simu na hatukusikilizwa.

Kipimo cha pH ni cha logarithimu. Chukulia maji ya asidi kali yenye pH 2, yasiyo na bikaboneti wala kitu kingine cha kupunguza makali ya mabadiliko. Kuyatoa 2 hadi 3 kunakula takriban asilimia 90 ya kostiki yote inayohitajika kufika 7. Ukifika 5 umeshatumia asilimia 99.9. Maana yake ni kwamba pampu ikipunguza sehemu moja tu katika elfu unabaki kwenye 5, na ikizidisha sehemu moja katika elfu unaruka hadi 9. Mmetupa pampu moja, kubwa, ya kufanya kazi yote hiyo kwenye tangi moja. Hakuna pampu ya aina ile inayoweza kumwaga kwa wingi na kudondosha kwa usahihi wa namna hiyo kwa wakati mmoja. Majitaka yetu yana bikaboneti kiasi, jambo linalosaidia, lakini kiasi chenyewe hubadilika kulingana na kinachooshwa siku hiyo, na mpangilio wenu wa kidhibiti ni mmoja wa siku zote.

Juu ya hayo, kihisi mmekiweka kwenye bomba la kutokea, mbali na tangi, na kemikali inaingia juu kabisa karibu na mdomo wa bomba hilohilo. Sehemu ya kemikali inakatiza moja kwa moja kutokea bila kuchanganyika, na sehemu iliyochanganyika inafika kwenye kihisi ikiwa imechelewa. Kidhibiti chenu ni mpishi anayeonja mchuzi kabla chumvi haijakolea: anaongeza, anaonja, anaongeza tena. Ukimfanya mpishi huyo awe na mkono mwepesi zaidi hujamsaidia. Tumewahi kumwaga kemikali kwa mkono, kidogo kidogo, kwenye upande yanakoingilia maji, kikorogeo kikizunguka, na pH ikatulia. Kwa hiyo maji yanadhibitika.

Tena, mfumo hauna nafasi ya kupumua kati ya asidi na kostiki. Ikisoma 7.1 asidi inaanza, ikisoma 6.9 kostiki inaanza. Kemikali mbili tunazozilipia zinapigana ndani ya tangi na kinachobaki ni chumvi na joto. Mkataba unaturuhusu kati ya 6.5 na 8.5; kwa nini pampu zisinyamaze maji yakiwa humo katikati?

Fundi wa mwisho alikuwa na ushauri wa kuhamia chokaa kwa kuwa ni nafuu. Ni nafuu kweli. Pia huyeyuka taratibu, jambo linaloongeza ucheleweshaji uleule unaotutesa, na huacha utando mgumu kwenye elektrodi. Hatukuukataa ushauri kwa ubishi.

Lakini kilichonifanya niandike barua hii badala ya kupiga simu tena ni hiki. Baada ya ziara hiyo ya mwisho kengele ziliacha kulia, nasi tukadhani nafuu imepatikana. Tulipokagua mipangilio tukakuta mipaka ya kengele imesogezwa: ya chini hadi 3.5, ya juu hadi 11. Fomu ya kazi tuliyosainishwa imeandikwa "mfumo umerekebishwa". Sitaki kukisia nia ya mtu, ila ninyi mnajua jina la kitendo hicho.

Tunachotaka ni hiki. Mipaka ya kengele irudishwe leo, na isibadilishwe tena bila saini ya msimamizi wa mtambo. Ukaguzi wa ukinzani wa kioo uwashwe, na pawekwe elektrodi tatu ili usomaji wa katikati kati ya hizo tatu ndio ufuatwe. Moja ikidanganya, mbili zitaisuta. Sehemu ya kuingizia kemikali ihamishiwe yanakoingilia maji na kihisi kiingie ndani ya tangi. Kazi igawanywe hatua mbili, pampu kubwa ifikishe maji karibu, kisha pampu ndogo kwenye tangi la pili ikamilishe. Tangi la pili tunalo, liko wazi, na mhandisi wenu aliliona siku ya kwanza.

Hayo yakifanyika tutapima kwa pamoja: sampuli za mkono kila saa kwa wiki nzima ya uzalishaji wa kawaida, zikipimwa kwa mita iliyosahihishwa siku hiyo kwa bafa (vimiminika vya pH inayojulikana) za 4 na 7, na kulinganishwa na kilichoandikwa na mfumo. Skrini peke yake hatutaikubali kuwa ushahidi. Malipo ya awamu ya mwisho yamesimamishwa hadi matokeo hayo yatakapopatikana, na gharama za kufufua tangi la hewa tutawatumia kwa barua tofauti.

Tunahitaji jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mhandisi wa udhibiti na si kutoka idara ya mauzo.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Mtambo wa Majitaka

Nakala: Idara ya Ununuzi, Idara ya Usalama na Mazingira