Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ya uendeshaji nayapitia haraka, maana mhazini atasoma hesabu baada yangu. Ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka jana, deni la ukumbi limekwisha, na vikao vya kamati vilifanyika vyote, ingawa kuna siku akidi ilitimia kwa kupigiana simu.

Shughuli yetu kubwa ilikuwa kanisa la parokia la Holy Trinity, Blythburgh, kaunti ya Suffolk nchini Uingereza, mlilolichagua wenyewe liwe somo la mwaka. Waliokwenda waliuliza swali moja: kijiji kidogo hivi kilipata wapi kanisa kubwa namna ile? Jibu ni mto Blyth. Katika karne ya 15 palikuwa na bandari, samaki na biashara ya sufu, na fedha hizo ndizo zilizojenga kanisa upya, ukiacha mnara ambao ni wa karne ya 14. Kuta ni za mawe ya gumegume, kama ilivyo desturi ya upande ule, na madirisha ya safu ya juu yanamwaga mwanga mwingi mpaka mtu anasahau kwamba yumo ndani. Baadaye meli zilizidi ukubwa, mto ukajaa tope, na biashara ikahama.

Juu kwenye dari wapo malaika wa mbao waliotandaza mbawa, na rangi za kale zimefifia tu, hazijafutika. Tarehe 9 Aprili 1644 alifika William Dowsing, aliyetumwa kuondoa sanamu makanisani, akaandika kwamba makerubi 20 wateremshwe. Wengi hawakuteremshwa, nadhani urefu wa dari ndio uliowaokoa. Zile risasi zilizokutwa kwenye mbao, ambazo wenyeji walizisingizia askari wake, ni za karne ya 18: kanisa lililipia baruti ya kuwapigia kunguru! Hata alama nyeusi za mlango wa kaskazini, zinazodaiwa kuwa makucha ya mbwa wa shetani, zinahusishwa na dhoruba ya tarehe 4 Agosti 1577, iliyoangusha ncha ya mnara na kuua mwanamume na mvulana. Kwenye ncha za mabenchi zimechongwa dhambi: mvivu yumo kitandani, bahili kalia sanduku la fedha, na mnafiki anasali macho wazi. Huyu wa mwisho alituchekesha kuliko wote, na sitataja alifananishwa na nani.

Lililonigusa zaidi ni la karne ya 19. Paa lilivuja hadi inasimuliwa waumini walifungua miavuli ibadani, na mwaka 1881 askofu akaamuru kanisa lifungwe kwa kuwa ni hatari. Chama cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa na msanii na mwandishi William Morris mwaka 1877, kikasimama kidete: kikarabatiwe kilichopo, kisibomolewe na kujengwa upya kwa mtindo wa siku hizo. Mabishano yalikuwa makali, lakini kanisa likafunguliwa tena mwaka 1884. Umaskini wa kijiji nao ulisaidia, kwani penye fedha nyingi rangi zile zingepakwa upya zamani.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na pendekezo la kamati kwamba mchango wetu wa mwaka huu utengeneze kibao chenye jina la chama. Naomba uende kwenye mifereji ya maji na ukarabati wa paa, kazi ambazo hakuna atakayezipiga picha. Kamati inajua msimamo wangu. Tumeshabishana vya kutosha, sasa mpige kura ninyi.

Katibu anapokea majina ya wagombea hadi mapumziko ya chai. Nafasi ya mweka kumbukumbu bado haina mtu, na safari hii sitamlazimisha yeyote.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti