Jenereta na magari ya kulala

Habari zenu ndugu. Ijumaa tukifika kambini, mwenye jenereta ya kubeba aiweke angalau mita 6 kutoka kwenye magari, ekzosi ielekee upepo unakokwenda, na si dirishani kwa jirani. Ambao jenereta imefungwa garini, pachikeni bomba la kupandisha moshi juu ya paa, na matundu ya paani yafungwe. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa jenereta, haina rangi wala harufu, kwa hiyo "mbona sinusi kitu" si hoja. Mliokodi magari, jaribuni kengele ya gesi hiyo kabla hamjaondoka. Saa nne usiku tunazima zote, baridi tutapambana nayo kwa mablanketi. Mtu akiumwa kichwa ghafla au akisikia kizunguzungu, tokeni nje wote, pigeni 911.