Pedali Inayozama Ukiteremka Sachangwan

Wateja wanaoingia gereji yetu hapa Nakuru wakitokea Eldoret au Kericho wana lalamiko linalofanana: "Fundi, breki zilikuwa sawa mpaka Sachangwan, hapo pedali ikaanza kuzama." Wengine huwa wameshabadilisha pedi mara mbili. Mara nyingi pedi hazina hatia.

Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma mafuta ya breki kutoka silinda kuu, yakapita kwenye vipaipu hadi kwenye kalipa, kile chuma kilichoikumbatia diski pale gurudumuni. Pistoni ya kalipa inasukumwa, pedi mbili zinaibana diski huku na huku, gari linapunguza mwendo. Lakini mwendo haupotei hivi hivi, unageuka kuwa joto. Ndiyo maana diski imeachwa wazi ipigwe na upepo, na nyingi za mbele zina nafasi ya hewa katikati. Ngoma za nyuma, kama za Probox, hufungia joto ndani.

Sasa tatizo lenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama gari halitembei sana. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji ya kutosha, yanaweza kuchemka kwenye 140. Kutoka Mau Summit hadi Salgaa, mteremko unaopita Sachangwan, ukiwa umekanyaga breki muda wote, joto hilo si ajabu. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubanwa, mafuta hayabanwi. Mguu wako unabana mvuke huku pedi zimekaa tu. Gari likifika kwetu limeshapoa, pedali iko ngumu kama jiwe, na mwenye gari anaonekana kama alikuwa anaota. Haoti.

Sisi tunapima maji yaliyomo kwenye mafuta, tunayatoa yote, tunaweka mapya na kuondoa hewa gurudumu moja baada ya jingine. Rudia kila miaka miwili. Hapo hapo tunapima pedi: zikibaki milimita 3, tunabadilisha. Diski nayo ina unene ambao haipaswi kupungua chini yake, umeandikwa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo usikubali fundi aichonge tu kwa kukisia. Na tafadhali, usijazie oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Mipira ya ndani ya silinda itavimba na utanunua silinda nzima.

Kwenye mteremko, weka gia ndogo ili injini ikusaidie kushika gari. Wanaoweka nyutro eti wanaokoa petroli wanajidanganya: injini nyingi za injeksheni hukata mafuta gari likiteremka ndani ya gia, lakini kwenye nyutro lazima ziendelee kuchoma ili zisizime.

Kabla ya safari, fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta ya breki. Mapya huwa meupe au manjano hafifu. Yakiwa rangi ya strungi, pitia kwetu kwanza.